Hitma ya Mtu wa Wimbo wa Kumi na Moja

Naima, binti aliyekuja kukalia kiti changu pale Oud Metha, alinipigia simu wiki yake ya kwanza. Hakuuliza nenosiri la kompyuta wala funguo za kabati. Aliuliza: "Auntie Zuhura, hii ramani iliyobandikwa nyuma ya mlango ni ya wapi? Nimeitafuta Dubai nzima siioni." Nikamwambia haiko Dubai. Ni mtaa wa London ambao mie sijaukanyaga, na aliyeuchora ni fundi mitambo Mkenya ambaye hata hiyo London hajaiona. Nikaona watoto hawa wanastahili maelezo, na bora niyaandike, maana nikiyasema kwa mdomo nitakuwa nacheka na hawataamini.

Ofisi yetu ni vyumba vitatu juu ya kliniki ya meno. Wateja ni maduka ya nguo, majimu, mikahawa ya juisi na watu wanaoandaa maonyesho. Wanataka kupiga muziki wa vijana lakini hawajui ndani yake kunasemwa nini. Sisi tunasikiliza, tunajaza karatasi, Sir, mkubwa wetu, anagonga muhuri, mteja analala usingizi. Mashine ya meno inalia chini siku nzima, na zipo albamu nilizozikagua mpaka katikati nikidhani ule mlio umo kwenye muziki.

Mie nilipewa Waingereza. Nimezaliwa Deira kwa wazee wa Unguja, lakini nilipofika miaka kumi na miwili nilipelekwa London kwa shangazi yangu, nikakaa miaka sita kwenye ghorofa la manispaa. Lifti mbovu, ngazi zinanuka mikojo, ukuta wa chumba changu una ukungu wa kijani. Shangazi alidhani nasoma sayansi. Nilichosoma ni watu wa ngazini: wanavyotukanana, wanavyobembelezana, wanavyokwepa kutaja jina la aliyemvunjia fulani mlango. Nikarudi Dubai bila sayansi yoyote. Kumbe riziki yangu ilikuwa kwenye zile ngazi.

Siku ya kwanza nilimkuta Bi. Raya. Huyu ndiye aliyeianzisha kazi hii pale ofisini, mama wa Kizanzibari wa mtaa wa Al Baraha, baibui jeusi, miwani ya kamba, sauti ndogo. Alinikabidhi mashine ya kaseti yenye kanyagio: ukikanyaga inacheza, ukiinua mguu inarudi nyuma kidogo. Akanipa na hedifoni zilizotoka sifongo.

"Hapa hatusikilizi muziki," akasema. "Tunasikiliza watu. Ukisikia matusi usiseme astaghfirullah kwa sauti, utaruka mstari."

Karatasi ilikuwa na masuali matano kwa kila wimbo. Nani? Kafanya nini? Kamfanyia nani? Kajuta? Mwisho wake nini? Sheria za Bi. Raya zilikuwa mbili. Ya kwanza, usimchanganye mwimbaji na mtu wa wimbo. Huandiki "Mwimbaji kachoma gari." Unaandika "Mtu wa kwenye wimbo kachoma gari." Ya pili, usiandike kisichokuwemo. Kama wimbo haukusema kajuta, hakujuta, hata kama wewe moyo wako umemwonea huruma.

Ajabu ya hip hop ya Waingereza, hasa ile ya chini kwa chini isiyopigwa redioni, ni kwamba ile karatasi iliwatosha. Hawa si wale wa magari na dhahabu. Wanasimulia. Hakuambii "nilikuwa maskini". Anakuambia friji ilikuwa na nini: nusu kitunguu na chupa ya dawa ya kikohozi. Hakuambii anaogopa, anakuambia kahesabu watu kwenye ngazi mara mbili kabla ya kushuka. Nilikuwa najaza karatasi na mgongo unanisisimka, maana naijua ile friji.

Lakini majaribu yalikuwepo. Kuna albamu moja ambayo wimbo mzima, dakika kumi na mbili, mtu analalamikia lifti. Nani? Mpangaji. Kafanya nini? Kapanda ngazi. Kajuta? Sana. Sir alinirudishia akisema, "Zuhura, crime iko wapi?" Nikamwambia, Sir, nyanya yake yuko ghorofa ya kumi na nne na hajatoka nje tangu sikukuu. Akafikiri, akagonga muhuri. Wimbo ule ulipigwa miezi mitatu kwenye jimu, watu wakipanda mashine ya ngazi.

Halafu akaja Wet Cement. Ndiyo, kijana kajiita saruji mbichi, na Sir aliuliza mara mbili kama ni mkandarasi. Kwa miaka kadhaa alitoa albamu tatu, zote za mtaa mmoja, na katika zote alikuwamo mtu anayeitwa Duane. Albamu ya kwanza Duane anaiba baiskeli na kumsukumia nyanya yake kitoroli cha ununuzi. Ya pili anauza vitu ngazini, anakamatwa, na humo jela anasilimu, anaitwa Daud. Wimbo wa sita anatoka, anasimama mbele ya duka la kuku wa kukaanga na kusema bismillah kabla ya kula, na rafiki zake wanamcheka.

Bi. Raya alipousikia wimbo ule aliinua mguu kwenye kanyagio, akaurudisha, akausikiliza tena. "Duane wangu mie," akasema. "Mashallah."

Hapo ndipo Sheria ya Kwanza ilipoanza kutuponyoka. Otieno, fundi mitambo wetu kutoka Kisumu, akachora ramani: ghorofa, ngazi, duka la kuku, dobi, kituo cha basi. Tukawa tunajadiliana Duane angepita wapi asikutane na mahasimu wake. Otieno alikuwa anasema, "Manze, huyu msee akipitia kwa dobi ameisha," na Bi. Raya anamjibu, "Basi apite nyuma, mwambie!" Nani amwambie? Watu wazima watatu, tumevaa hedifoni, tunamwelekeza njia mtu wa kaseti.

Albamu ya tatu ilipofika Bi. Raya alikwishastaafu, macho yanamsumbua. Niliikagua mwenyewe. Wimbo wa kumi na moja Duane yuko kituo cha basi nyuma ya duka la kuku, mfukoni ana dawa ya nyanya yake. Wanakuja watatu. Kisu. Basi linafika, dereva anafungua mlango, hakuna anayepanda. Nikaandika: Mwisho wake: kafariki. Nikaingia chooni nikalia. Mie, mama wa watoto wanne, namlilia mtu wa kwenye wimbo.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Bi. Raya. Nilikwenda kwake Al Baraha kumjulia hali, akauliza habari za Duane jinsi unavyoulizia mtoto wa jirani, ulimi ukaniteleza. Akavua miwani, akaiweka mapajani. Kisha akasema:

"Kijana Mwislamu kafa kituo cha basi. Nyanya yake Mkristo. Nani atamsomea?"

"Bi. Raya, huyo ni mtu wa wimbo."

"Kwani nimekuuliza huyo ni nani? Nimekuuliza nani atamsomea."

Ijumaa ya pili yake tukasoma hitma, Msahafu mzima kwa ajili yake. Wanawake ishirini na wawili kwenye flati ile ya Al Baraha, ubani unafuka, sanduku la juzuu thelathini katikati, kila mmoja anachukua yake na wepesi wanachukua mbili. Jirani yangu akaninong'oneza, "Marehemu wa nani?" Nikasema, wa ofisini. Hilo si uongo. Ilipofika dua, ikatakiwa jina la baba. Albamu zote tatu baba hatajwi jina. Tunachojua ni kwamba alitoka kununua maziwa hakurudi. Bi. Raya akaamua aitwe Daud bin Abdallah, kama anavyoitwa yeyote asiyejulikana baba yake. Tukaitikia amin, tukala sambusa. Otieno, ambaye ni Mkristo, alikaa varandani akakunja viti, macho mekundu.

Nikadhani yamekwisha. Mwaka mmoja baadaye Sir akaingia na faili: Wet Cement anakuja Dubai kufanya onyesho kwenye ghala moja, albamu ya tatu nzima, litapigwa video, karatasi zote ziandikwe upya, ziwe tayari Alhamisi adhuhuri. Na Jumatano asubuhi watu wawili wakaja ofisini kutia saini. Mmoja ni Wet Cement mwenyewe: mwembamba, mpole, anaogopa jua, kabeba mwavuli. Wa pili mnene kidogo, amebeba boksi la fulana.

Nikawaomba vitambulisho. Yule wa boksi akanipa pasipoti. Nikasoma jina. Nikaliangalia boksi. Juu ya kila fulana ilichapishwa sura yake, chini mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.

"Samahani," nikamwambia kwa Kiingereza chao, "wewe si umekufa?"

"Kila mtu ananiambia hivyo, Auntie," akasema.

Otieno alitoka chumba cha mitambo, akamwona, akarudi ndani akafunga mlango.

Wet Cement alipokwenda kutafuta kivuli, Duane akabaki akanieleza. Nakuandikieni kwa Kiswahili. Ni rafiki yake tangu utotoni, na mambo ya albamu mbili za mwanzo ni ya kweli, hata kusilimu. Ya tatu ilihitaji mtu wa kufa. "Akanipigia simu kuniuliza. Mie nilikuwa kwenye foleni ya posta, nikasema sawa. Nilidhani ni wimbo mdogo." Wimbo ukaenea kupita zote. Watu wakaweka maua kituo cha basi, na kila asubuhi yeye anasubiri basi katikati ya maua yake. Kinyozi wake katundika picha yake yenye mabawa, na hataki kuiteremsha kwa sababu wateja wanaipenda. Duane ananyolewa chini yake. Nyanya yake kaletewa kadi za rambirambi, akamwambia anyamaze kidogo maana kadi ni nzuri.

Nilicheka. Astaghfirullah, nilicheka mpaka nikaona yeye hacheki.

"Nina binti," akasema. "Ana miaka saba. Shuleni wamemwambia baba yake kafa, wamemwonyesha na wimbo. Wiki iliyopita kaniuliza kama mie ndiye baba yule yule au nimeletwa mwingine. Na hii video ya kesho kutwa ataiona, Auntie. Baba yake kashika fulana, watu wote wanalia." Akasukuma boksi kwa mguu. "Uutoe wimbo wa kumi na moja. Wewe ndiye mwenye karatasi."

Nikamwendea Wet Cement chini ya mwavuli. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Najua. Lakini watu wamekuja kwa wimbo huo. Nikiutoa, sina onyesho." Nikamwendea Sir. Sir akasema, "Zuhura, yalla, habibti, andika kilichomo kwenye wimbo. Khalas." Na alikuwa na haki. Kilichomo ni kisu, na mtu kafariki. Miaka yote nimewafundisha vijana wasiandike kisichokuwemo, na mie nilifundishwa na nani? Nikachukua mkoba wangu, nikamwambia Duane, twende.

Bi. Raya alikuwa kaketi kwenye mto wake, miwani haimsaidii tena. "Umekuja na nani?"

"Na Daud."

"Daud yupi?"

"Daud bin Abdallah."

Mama wa watu akanyoosha mkono, Duane akaushika, akapiga magoti pale kwenye zulia kwa heshima ya kwao, yaani hakujua afanye nini akaanguka tu. Bi. Raya akampapasa vidole kimoja kimoja.

"Mbona mikono ya baridi?" akaniuliza.

"AC ya teksi, Bi. Raya."

"Ehe." Akavuta pumzi. "Basi mpe chakula."

Palikuwa na wali wa nazi na nguru wa kukaanga. Nikawa mkalimani huku mtu anakula. Bi. Raya akamgombeza kwanza: mwaka mzima watu wanamsomea, hata kutuma salamu hakuna! Kisha akamwelezea hitma yake: wanawake wangapi, nani alisoma juzuu ipi, nani alikosea, sambusa zilikuwa za nyama si za mboga. Yeye mwenyewe alimsomea mbili. Duane akaacha kula. Machozi yakamshuka akiwa na tonge mdomoni.

"Mwambie," akasema, "nyumbani walinunua fulana. Hakuna aliyenisomea kitu."

"Mwambie ale," akasema Bi. Raya. Akala. Akamaliza. Akaangalia sahani, akaniangalia mie, akauliza kwa aibu kama kuna nyongeza.

Bi. Raya hakungoja nitafsiri. "Anataka tena, siyo? Zuhura, unayo karatasi hapo? Andika."

"Niandike nini? Wewe ndiye uliyenifundisha nisiandike kisichokuwemo."

"Suali la tano linasemaje?"

"Mwisho wake nini."

"Mwisho wake huyu hapa. Andika unachokiona, mie sioni."

Nikaandika. Wimbo wa kumi na moja. Nani? Duane, aitwaye Daud. Kafanya nini? Kasubiri basi. Kamfanyia nani? Nyanya yake, kampelekea dawa. Kajuta? Kajuta kupokea simu. Mwisho wake nini? Kala wali na nguru Al Baraha, akaomba nyongeza, akapewa. Alhamisi adhuhuri nikaiweka mezani kwa Sir pamoja na nyingine kumi na mbili. Hapa niwape siri ya kazi: kwa miaka yote ile Sir hajawahi kusoma karatasi tangu ile ya lifti. Akagonga muhuri zote kumi na tatu huku anazungumza na simu.

Wet Cement alisoma. Sijapata kumwona msanii anayesoma karatasi zetu, lakini huyu alisoma, akaja mbio bila mwavuli. "Huu si wimbo wangu!" Nikamwonyesha mkataba wake na wenye ghala, mistari midogo ya chini: kitakachoimbwa kiwe kama kilivyoelezwa kwenye karatasi yenye muhuri, la sivyo onyesho halipo. Sir akaitwa. Akausoma mkataba ule kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanitazama, akautazama muhuri wake mwenyewe. Angekiri hakusoma?

"Muhuri ni muhuri," Sir akasema. "Utaimba wali."

Kijana akashika kichwa. Akamgeukia Duane aliyesimama na boksi lake. Sijui waliangaliana nini, ni mambo ya ngazini yale, lakini mwisho Wet Cement akauliza kwa sauti ya chini, "Nguru ni samaki wa namna gani?" Wakafungiwa chumba cha mitambo pamoja na Otieno mpaka magharibi. Nilipochungulia nilimkuta Otieno anafuta mwaka wa kufa kwenye fulana, moja moja, kwa wino mweusi.

Niliingia lile ghala na baibui langu, nikakaa nyuma kwenye kreti. Wimbo wa kumi na moja ulipoanza watu walikwishaanza kulia. Kituo cha basi, dawa mfukoni, wale watatu wanakuja. Basi linafika, mlango unafunguka, na safari hii Duane anapanda. Dereva hakati tiketi. Basi linaenda linaenda, linashusha abiria mmoja Al Baraha, mama kipofu anamwambia mikono yako ya baridi, na anakula. Watu hawajui walie au wacheke. Wet Cement akaimba mstari wa mwisho, mtu aliyekufa anaomba nyongeza, halafu akamvuta Duane jukwaani na sahani. Kulikuwa na sahani, jamani, Otieno alimletea sahani! Vijana mia tatu wakapiga kelele kwa Kiingereza wanataka apewe tena. Mie nilisimama juu ya kreti kwa umri wangu huu, nikapiga kigelegele.

Video ikafika London kabla yake. Duane alinionyesha ujumbe wa binti yake uwanja wa ndege. Aliuliza suali moja: samaki alikuwa na miba? Akamjibu, mingi. Mtoto akasema basi ni wewe, maana wewe huwa unalalamika miba.

Bi. Raya alifariki mwaka jana, mie nikiwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Hitma ikawekwa pale pale Al Baraha, sanduku lile lile. Nikampigia Duane kumpa habari tu. Akasema, "Nichukue juzuu ya ngapi, Auntie?" Nikamwambia si lazima, kusoma kwake bado kwa kudonoa. "Nipe ya thelathini," akasema. "Ina sura fupi, nitaiweza."

Basi siku yenyewe wanawake wakamaliza juzuu zao ishirini na tisa, wakanitazama. Nikasema ya thelathini iko London, inasomwa. Hitma haifungwi ikiwa na pengo, kila mtu anajua. Sambusa tukazitia kwenye friza. Kila baada ya Isha nilikuwa napokea ujumbe kutoka kwake: leo sura mbili, leo moja, leo nimerudia ya jana nilikosea. Kinyozi kamteremshia ile picha, anasomea pale. Wanawake wakawa wananipigia kuuliza, kijana kafika wapi?

Siku ya kumi na moja akaandika: nimemaliza. Tukarudi Al Baraha sote ishirini na mmoja, tukapasha sambusa, tukaifunga.